Utauvuta au Utautundika?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya jamaa zetu wazungumzao Kiswahili hapa Grand Rapids, Michigan. Theluji iliwazuia wengi kufika, na baadhi yao wameomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka kinywani. Picha za ukutani nimeziacha; pinde zenyewe zilikuwapo mezani, na zipo bado kwa atakayekuja nyumbani kuziona.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wote?

Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya mikono. Useremala nilijifunza Tanga kwa baba yangu mdogo, kwenye banda la makuti nyuma ya soko. Nilipofika huku nikaendelea na mbao zilezile, katika mji ambao Wamarekani wenyewe waliupa jina la Mji wa Samani. Kwa hiyo ninaposimama leo kuzungumza juu ya pinde za zamani, nisikilizeni kama fundi anayesifu kazi ya mafundi wenzake. Hizi pinde tano mezani zimetengenezwa vizuri, vizuri mno, na mimi kitu kilichotengenezwa vizuri hakinipiti hivihivi.

Nianze na swali nililoulizwa.

Miaka tisa iliyopita, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nilipita mtaa ambao mama mmoja mjane alikuwa ametandaza vitu vya marehemu mumewe mbele ya nyumba, anauza. Mnazijua siku hizo: meza za kukunja, vikombe, misumeno, makoti ya baridi. Mimi nilikuwa natafuta randa. Randa sikuipata. Lakini nilipoinua macho ndani ya gereji nikaona upinde, umelala kwenye misumari miwili iliyopigwa kwenye boriti. Haukuwa na upote, ile kamba ya kuvutia. Na ncha zake, badala ya kuelekea kwa mvutaji, zilikuwa zimejikunja kwenda mbele, kama dau lililoinua omo na tezi.

Nikauliza bei. Yule mama hakunitajia bei. Aliniuliza, "Utauvuta, au utautundika?"

Nikamjibu ukweli: kuvuta sijui, lakini nikiuchukua nitajifunza. Akaniuzia kwa dola 40. Asubuhi ileile, akaniambia, walikuja wawili waliotaka kuutundika juu ya meko, mmoja akatoa dola 100, naye akawakatalia wote wawili.

Ndugu zangu, utauvuta au utautundika? Swali hilo sijaliweka chini tangu siku ile, na ndilo nililokuja nalo kwenu.

Usiku ule niliulaza upinde mezani, nikasogeza taa. Fundi huanza kwa kusoma kazi ya mwenzake. Karibu na mshiko palikuwa na maandishi ya mkono kwa wino mweupe: inchi 60, ratili 45. Maana yake, ukiuvuta mpaka inchi 28, vidole vyako vitatu vimebeba ratili 45, kilo 20 na kidogo. Jina lake Kodiak. Mahali ulipozaliwa, Grayling, Michigan. Kwenye mshiko palikuwa na sarafu ya shaba ya manjano yenye picha ya dubu, imezamishwa ndani ya mti hata ukipitisha kidole huhisi ukingo. Na maneno madogo: "Canada 1953".

Nikasema, basi, huu ni wa mwaka 1953. Nilikosea, na karibu kila mgeni wa mambo haya hukosea palepale. Huo ni mwaka wa hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, iliyotolewa Kanada, na maneno hayohayo yaliendelea kuchapwa kwenye pinde kwa miaka mingi baadaye. Umri wenyewe husomwa kwingine. Sarafu ya shaba ya manjano iliyolala sawa na mti ni ya kuanzia 1963 hadi 1970. Na kwa pinde za 1965 hadi 1969, tarakimu ya kwanza ya namba ndiyo inayotaja mwaka. Wangu unaanza na 6. Mwaka 1966! Mwaka ambao baba yangu aliingia darasa la kwanza, kuna mtu Grayling aliusugua ubao huu kwa msasa mpaka ukawa laini kama kokwa la embe.

Nani aliyewaongoza mafundi wale? Jina lake Fred Bear. Alizaliwa mwaka 1902 huko Waynesboro, Pennsylvania. Katika miaka ya 1920 akaja Detroit kutafuta kazi kwenye viwanda vya magari. Si ndivyo walivyofika huku wengi waliomo ukumbini humu? Mtu huja kwa sababu ya kiwanda. Mwaka 1927 akaona filamu ya mtu aitwaye Art Young, akiwinda Alaska kwa upinde na mishale. Bear akashikwa, akajuana na Young, akaanza kuchonga pinde zake mwenyewe.

Mwaka 1933, wakati mdororo wa uchumi umewakalia Wamarekani kooni, yeye na rafiki yake wakafungua karakana ndogo Detroit, pinde zikiwa kazi ya pembeni. Akamwajiri fundi wa mbao, Nels Grumley. Huyu Grumley namheshimu sana. Pinde alizozichonga mpaka alipoondoka mwaka 1948 zina jina lake, na leo mtu akiipata moja huita majirani waje waone. Mwaka 1947 kazi ikahamia Grayling, kando ya mto Au Sable, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka hapa tulipo. Watoto, mkipelekwa kaskazini kupiga kambi, mnapita pale pale.

Lakini upinde bila ruhusa ya kuwindia ungekuwa mchezo wa uwanjani tu. Wisconsin walitenga msimu wa upinde mwaka 1934, wa kwanza nchi hii kwa nyakati hizi. Michigan wakafuata mwaka 1937, kwa kuanzia na wilaya mbili, Newaygo na Iosco. Newaygo ni hapo juu tu, wengine mnafanya kazi huko. Bear na wenzake walitembea, wakaonyesha, wakazungumza na watu, mpaka jambo likakubalika. Mimi huona kazi ile ya kushawishi ni kubwa kuliko ya gundi.

Ila gundi nayo ina makuu yake, na hapa mnivumilie, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Upinde wa kijijini kwetu ni mti mmoja. Unautafuta mti unaokubali kupinda, unauchonga, unaukausha, unautia mafuta. Upinde huu mnaouona, ambao wenyewe wanauita rikavu, ni tabaka. Katikati kuna vipande vyembamba vya mti wa mepo, mti mgumu mweupe wa huku. Mgongoni, upande unaomwelekea mnyama, na tumboni, upande wa mvutaji, kuna faibagilasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Vyote vimetiwa gundi, vikabanwa kwenye kalibu, vikapikwa kwa joto. Ukivuta, mgongo unanyoshwa na tumbo linabanwa, na kati yake mti unashikilia umbo. Ule mkunjo wa ncha ndio siri yake: upote umelala juu yake, na kadiri unavyovuta mkunjo unafunguka, kama mkono wa pili unaokusaidia. Kwa hiyo upinde mfupi unafanya kazi ya upinde mrefu, na mtu anaweza kukaa nao juu ya mti bila kugonga matawi.

Wazo lenyewe ni la kale. Waturuki na Wamongolia walikunja ncha hivyo kwa pembe na mishipa ya wanyama, karne nyingi kabla ya Michigan kuwa na kiwanda. Mafundi wa Bear walikuwa wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe na mishipa. Kabla ya kutulia kwenye faibagilasi walijaribu hata alumini katikati ya tabaka, mwaka 1949 hivi na 1950. Nyingi za pinde hizo ziliachana gundi. Waliozipata nzima wanazitunza kama yai, na hao nawaruhusu kutundika, maana ukiivuta huenda ikapasuka.

Sasa ndugu zangu wa Kongo, hii ni yenu. Ule upinde wa tatu mezani, wenye mshiko mwekundu wenye michirizi, ni mti gani? Mnaujua. Ni bubinga. Mti wa misitu ya Kamerun, Gabon na Kongo. Kiwanda cha Grayling kilitumia mbao za Afrika kwenye mishiko, bubinga na shedua, kwa sababu ni nzito na hazitetemeki upote unapoachiwa. Mara ya kwanza nilipokipitisha kitambaa chenye mafuta juu ya mshiko ule, rangi ikafufuka, nikakaa chini. Mti wa kwetu ulivuka bahari, ukachongwa kando ya mto Au Sable, ukakaa gereji miaka hamsini, ukafika mkononi mwangu. Mtanisamehe, sikuweza kuendelea na kazi jioni ile.

Bear hakuwa peke yake. Alikuwapo Ben Pearson wa Pine Bluff, Arkansas. Alikuwapo Damon Howatt wa Yakima, Washington. Hapo juu Big Rapids alikuwapo Ernie Root, na pinde zake mimi naziona tamu kuvuta kupita hata za Grayling, ingawa najua nikisema hivyo kuna watakaokasirika. Na Kalamazoo kulikuwa na kampuni ya Shakespeare. Siye yule Mwingereza aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Hawa walikuwa watu wa vifaa vya uvuvi, na walijua faibagilasi kwa sababu ya fimbo zao za kuvulia. Ule wa nne mezani ni wao.

Kwa nini basi vitu vizuri hivi viliishia kwenye boriti za gereji? Kwa sababu mwaka 1969 bwana mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipewa hataza ya upinde wa kapi. Mabaharia na wavuvi mnajua kapi: gurudumu la kupitishia kamba. Aliweka magurudumu kwenye ncha, na ukishavuta mpaka mwisho mzigo unapungua, unaweza kusimama na kulenga taratibu. Ni chombo kizuri, sikitukani. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika miaka kumi hivi watu wakaweka rikavu zao juu, wakanunua za kapi. Mwaka 1978 kiwanda cha Bear kikahama Grayling kwenda Gainesville, Florida. Na pinde za baba zao zikabaki juu ya misumari zikila vumbi, mpaka anapokuja fundi kutafuta randa.

Nimefika mahali pa kuwaonya, kwa sababu najua baadhi yenu mtatoka hapa mkaanze kutafuta.

Upinde wangu wa pili niliununua kwa muuzaji wa mbali, kwa picha. Dola 180. Picha ilikuwa nzuri, mbao inang'aa. Ulipofika nikautia upote, nikautazama kutoka nchani kama fundi anavyotazama ubao, jicho moja limefungwa. Upote haukupita katikati. Mkono wa chini wa upinde ulikuwa umejisokota kama chapati iliyoachwa juani. Nikaandika, sikujibiwa. Nikajaribu kuunyosha kwa maji ya moto, nikaufunga, nikasubiri wiki. Ulirudi palepale. La kuvunda halina ubani.

Tangu hapo nina desturi. Sinunui nisichokishika, au ambacho muuzaji hakubali kunipigia picha toka nchani kikiwa na upote. Nachukua pamba, ile ya dukani, naipitisha taratibu juu ya mikono yote miwili ya upinde. Pamba ikinasa, kuna ufa, hata kama jicho halikuuona. Natazama pale tabaka zinapokutana na mshiko. Mistari midogomidogo ndani ya faibagilasi, kama nyufa za sahani ya zamani, hiyo mara nyingi ni uchovu wa rangi tu, isiwatishe. Lakini tabaka zikiachana hata kwa unene wa ukucha, rudisha ulipoutoa.

Na upote! Nasema tena, upote! Dukani leo watawauzia nyuzi za kisasa zisizonyumbuka. Hizo zimetengenezewa pinde za leo ambazo ncha zake zimeongezwa nguvu. Ukiiweka kwenye upinde wa 1966, inakata ncha kama kisu. Taka upote wa dakroni, unaonyumbuka kidogo. Ukitia upote usikanyage upinde kati ya miguu kama tulivyozoea kuona. Tumia kamba ya kutilia upote, ile yenye vikombe viwili vya ngozi. Upinde wangu ule uliojisokota, naamini kabisa, uliharibiwa na mguu wa mtu. Na usiuache ndani ya gari wakati wa kiangazi. Gundi ya miaka ya sitini haikutengenezwa kuoka.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi.

Agosti 1911, katika mji wa Oroville, kaskazini ya California, alionekana mtu mmoja amechoka, ana njaa, hana lugha inayoeleweka na yeyote. Alikuwa Myahi, kabila dogo lililouawa na walowezi katika miaka ya baada ya watu kukimbilia dhahabu. Wenzake wote walikuwa wamekwisha. Yeye ndiye aliyebaki. Wakamuuliza jina. Kwa mila ya kwao mtu halitaji jina lake mwenyewe, na hakuwa amebaki mtu wa kumtajia. Basi wataalamu wakamwita kwa neno la lugha ya kwao lenye maana ya mtu. Neno hilo ni Ishi.

Mmelisikia? Ishi. Kwao ni mtu. Kwetu ni amri, ni dua. Mara ya kwanza nilipolisoma jina hilo nilisimama nikalitamka kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni.

Ishi aliwekwa San Francisco, kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu. Daktari aliyekuwa akimtibu, Saxton Pope, akawa rafiki yake. Ishi akamfundisha kuchonga upinde, kutengeneza mshale, kuita mnyama, kusubiri. Alikufa kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Pope hakuacha. Akaendelea kuwinda na wenzake, na mmoja wao ni Art Young. Ndiyo, yuleyule wa filamu aliyoiona Fred Bear mwaka 1927. Mnaiona kamba inavyokwenda? Ishi kwa Pope, Pope kwa Young, Young kwa Bear, Bear kwa mafundi wa Grayling, mpaka boriti ya gereji ya mama yule.

Na ndani ya kamba hiyo kuna fundo moja linalotuhusu. Mwaka 1925, Pope na Young walipanda meli wakaenda kuwinda simba kwa upinde. Wapi? Tanganyika! Upande wa Serengeti. Watu waliopokea elimu iliyotoka kwa mtu wa mwisho wa kabila lake, walikuja kuvuta upinde kwenye ardhi ambayo watu wake walikuwa bado wanavuta wa kwao kila siku.

Maana sisi tulikuwa nao. Tunao. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Wakamba, mishale yao ilijulikana nyika nzima. Na Waata wa Tsavo, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walivuta pinde za kuulia tembo, za zaidi ya ratili 100. Ratili 100! Mimi wangu wa 45 unanitosha jasho. Mwaka 1948 Tsavo ikafanywa hifadhi, na katika miaka ya 1950 wengi wa Waata walikamatwa na kufungwa kwa uwindaji ulioitwa ujangili. Sisemi tembo wasilindwe, na niseme wazi kwamba Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, mtu asiende huko na maneno yangu akajitia matatani. Nasema tu kwamba mkono ujuao kuvuta upinde wa namna ile ukifungwa, kuna elimu inayofungwa pamoja nao, na sheria haikuandika mahali pa kuihifadhi.

Mzee wetu wa Kitui, umekaa pale nyuma. Umeniambia upinde wa babu yako upo, umetundikwa sebuleni kwa ndugu yako. Nakuuliza kwa heshima zote, mzee wangu: kuna mjukuu aliyewahi kuuvuta? Hata kwa kulenga gunia la majani tu? Kuna anayejua babu alisimamaje, mkono wa kuvuta aliuleta shavuni au kifuani? Wewe ukiondoka, Mungu akupe umri mrefu, nani atajua?

Nimalizie na kuwinda kwenyewe, maana vijana wameniambia wanangoja hapo.

Kwanza sheria. Hapa Michigan, kila aliyezaliwa Januari 1, 1960 au baada yake lazima apite mafunzo ya wawindaji kabla ya kununua leseni ya kawaida. Msimu wa upinde wa kulungu unaanza Oktoba 1 hadi Novemba 14, unasimama kupisha bunduki, unarudi Desemba 1 hadi Januari 1. Atakaye kusaidiwa na mafunzo aje kwangu, nitakaa naye.

Mwaka wa kwanza sikuwinda. Nilipiga mishale nyuma ya nyumba, kila jioni baada ya kazi, kuanzia mwezi wa sita. Rikavu haina kioo cha kulengea. Unatazama mahali unapopataka, unavuta, mkono unajua. Lakini mkono haujui mpaka umeufundisha mara elfu. Nikajiwekea mpaka: hatua 18. Ndani ya hatua 18 mishale yangu ilikaa pamoja kwenye duara la sahani ya chai. Nje ya hapo ilitawanyika. Mnyama hastahili kupigwa kwa kubahatisha.

Mwaka wa pili nilipanda dungu langu kwenye mwaloni mara 14. Ndiyo, dungu, lilelile la kulindia mpunga dhidi ya ndege, ila hapa unamngoja kulungu. Asubuhi ya sita akatokea dume, pembe zake kama matawi, akasimama hatua 30 akila mbegu za mwaloni. Nilimtazama robo saa nzima. Mwenye upinde wa kapi angempata. Mwenye bunduki angempata akiwa bado mbali. Mimi nilikaa na upinde mapajani, moyo unagonga, nikamwacha aende zake. Na nawaambia kweli tupu, ile robo saa siibadilishi na pembe zile. Nilimsikia akitafuna. Lini mara ya mwisho umekuwa karibu na mnyama wa porini kiasi cha kumsikia akitafuna?

Mwaka wa tatu, wiki ya mwisho ya Oktoba, alikuja jike mkubwa. Upepo ulitoka kwake kuja kwangu. Majani yalikuwa na umande, hakuna kishindo. Hatua 20. Nikangoja. Hatua 15. Akageuza kichwa nyuma ya shina, nikavuta. Waislamu wenzangu mmeniuliza juu ya hili, nami nilimwuliza sheikh kabla ya kuanza: ulitaje jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, mshale uingie kwa ncha na kutoboa, na ukimkuta bado yu hai, umchinje. Nikasema Bismillah, vidole vikafunguka. Upinde wa zamani hausemi kitu. Kulungu aliruka, akakimbia, akasimama, akaanguka, yote ndani ya macho yangu. Nilikaa nusu saa kabla ya kushuka, kama nilivyofundishwa, na mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Nyama ile wengine humu mliila, kwenye pilau ya harusi ya mwezi wa kumi na moja. Paja moja nilimpelekea yule mama mjane. Nilimwambia, nimeuvuta. Akaenda chumbani, akakaa huko kidogo, akarudi na glavu ya ngozi ya vidole vitatu, nyeusi kwa jasho la mtu mwingine, kidole cha kati kimechongeka mahali upote ulipopita kwa miaka. Akasema ilikuwa droo moja na soksi zake. Hii hapa. Ndiyo ninayoivaa.

Sasa basi. Mezani kuna pinde tano, nimezitia upote zote. Ule wa kwanza kushoto ni ratili 30, watoto wanaweza, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama karibu. Kodiak ya yule mama ni wa mwisho kulia. Njooni mzishike, mzivute, mwulize. Ombi langu ni moja: mkivuta, rudisheni taratibu kwa mkono. Msiachie upote bila mshale, hata mara moja.